Dawa ya Presha Iandikwe kwenye Hesabu ya Korosho

Huku Kusini mwa Tanzania fedha huingia kwa mkupuo. Minada ya korosho ikishaanza mwezi wa kumi na AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, ikilipa, nyumba inanunua bati, inalipa ada, inamaliza madeni ya dukani. Ufuta na mbaazi vinaongeza chochote katikati ya mwaka. Kisha inakuja Februari mpaka Aprili: mvua inanyesha, shamba linadai palizi, mfuko umekauka. Hapo ndipo dozi ya presha inapokatika, na lawama zote anatupiwa mgonjwa. Mzee mbishi, bibi msahaulifu. Mimi nailaumu hesabu ya nyumba.

Hakuna mkulima wa korosho wa Tandahimba anayesahau salfa. Anaipuliza kabla ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, haujaonekana, kwa sababu akisubiri auone kwenye maua, msimu umekwisha. Dawa ya presha inafanya kazi hivyohivyo: inamezwa na mtu asiyejisikia vibaya popote. Kichwa kisipouma si ushahidi kwamba presha imeshuka. Wengi wanaopata kiharusi hawakuwa na dalili yoyote wiki moja kabla.

Basi tuhesabu. Baadhi ya pakiti za vidonge zina 28, ila watu husema "dawa ya mwezi". Pakiti 12 za namna hiyo ni vidonge 336; mwaka una siku 365. Anayenunua pakiti moja kila mwisho wa mwezi anakaa siku 29 bila dawa ndani ya mwaka, na haoni, kwa kuwa ni siku mbili tatu hapa na pale. Anayemeza kidonge kimoja kwa siku ahesabu pakiti 13. Anayemeza metformini, dawa ya sukari, asubuhi na jioni anahitaji vidonge 730. Zidisha kwa bei ya duka lako la dawa, ongeza nauli ya kliniki, kama anakwenda hospitali ya Ligula, Sokoine, Ndanda au Nyangao akitokea kijijini. Kiasi hicho ndicho kitoke kwenye malipo ya kwanza ya korosho, kabla ya bati.

Hata hivyo usinunue dawa za mwaka mzima kwa siku moja. Daktari anaweza kubadili dozi, na dawa zina tarehe ya kuisha. Nunua za miezi mitatu, fedha iliyobaki ikae kwenye kikoba au kwenye simu ya mtu asiyekopeka. Dawa zenyewe zisikae juu ya jiko wala dirishani chini ya bati. Ziwe ndani ya boksi lake, chumba chenye kivuli, mbali na watoto. Siku dozi imesahaulika, usimeze mbili kesho yake ili kufidia.

Sababu nyingine ya watu kuacha dawa haina uhusiano na fedha: dawa inawasumbua, nao hawasemi. Enalaprili na kaptoprili huleta kikohozi kikavu kwa baadhi ya watu, kinachoweza kudumu miezi na kumfanya mtu ahangaike na dawa za kifua. Amlodipini inaweza kuvimbisha vifundo vya miguu. Dawa ya kukojoza ikimezwa jioni inamwamsha mzee usiku kucha, na gizani anaanguka. Kama mhudumu hajasema vinginevyo, imezwe asubuhi. Yote haya yana marekebisho. Mwenye kikohozi hubadilishiwa losartani mara nyingi. Rudi kliniki useme, usiache kimyakimya. Na mama ambaye bado anazaa aseme mapema kama anatarajia mimba, maana enalaprili, kaptoprili na losartani ni hatari kwa mtoto aliye tumboni.

Kuna dawa moja inayoharibu kazi ya zote hizo, nayo inauzwa dukani bila mtu kuulizwa neno: diklofenaki. Ukitoka kupalilia magoti yanauma, mgongo unauma, unanunua vidonge vinne, kesho vinne tena. Diklofenaki na ibuprofeni hufanya mwili ushike chumvi na maji, presha inapanda, na figo zinaumia. Zinaumia zaidi kwa anayemeza enalaprili pamoja na dawa ya kukojoza. Mtu anaongezewa dozi ya presha kliniki, kumbe tatizo liko kwenye mfuko wa shati. Kwa maumivu ya kawaida parasetamo ni salama zaidi, kwa kiasi kilichoandikwa. Ukifika dukani anza kwa kusema, "Nina presha." Na kama unatumia mitishamba, itaje kliniki. Nadhani wahudumu nao wapunguze kufoka, kwa sababu anayefokewa leo atanyamaza mwezi ujao.

Kupima presha nyumbani kunasaidia ikiwa kunafanywa kwa utaratibu. Mtu asipimwe akiwa ametoka kisimani au ameshuka bodaboda. Akojoe kwanza, akae kwenye kiti chenye egemeo dakika tano, nyayo zote mbili chini, miguu isipishane, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Mkanda ufungwe kwenye ngozi tupu, vidole viwili juu ya kiwiko. Asiongee, na asiwe amekunywa kahawa au kuvuta sigara ndani ya nusu saa. Pima mara mbili kwa kupisha dakika moja, andika zote mbili na saa. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa ya uongo, kwa hiyo angalia vipimo vilivyoandikwa kwenye mkanda kabla hujanunua mashine. Nyumbani, wastani wa 135 kwa 85 au zaidi kwa siku kadhaa unatosha kurudi kliniki kabla ya tarehe. Ikisoma 180 kwa 120, pumzika, rudia. Ikiwa imebaki hapohapo, wasiliana na kituo siku hiyohiyo. Na kama pana maumivu ya kifua, pumzi kubana, mdomo kupinda, mkono kulegea au maneno kuchanganyika, hiyo ni hospitali sasa hivi.

Jikoni, sikubaliani na desturi ya kumpikia mgonjwa sufuria yake. Anajiona ametengwa, mpishi anachoka, na baada ya wiki mbili wote wamerudi kwenye mchuzi wa chumvi. Mtu mzima yeyote, awe na presha au hana, anashauriwa asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, takribani kijiko kimoja cha chai, ikihesabiwa na ile iliyomo ndani ya vyakula. Nyumba ya watu wazima sita ni gramu 30. Pakiti ya nusu kilo ikiisha kabla ya siku 16, mnakula nyingi mno, na hapo ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, haijahesabiwa. Ng'onda iloweke usiku kucha, mwaga maji, badilisha tena asubuhi, kisha usitie chumvi nyingine kwenye chungu. Nazi, ndimu, kitunguu na pilipili vitabeba ladha. Viungo vya pakiti vya mchuzi vingi ni chumvi yenye rangi.

Kwa mwenye sukari, suala ni kiasi kabla ya aina. Ugali wa muhogo ni wanga, wa dona nao ni wanga, hata ukiwa mgumu na wa kienyeji. Kipande kisizidi ngumi yake mwenyewe, nusu ya sahani iwe kisamvu, matembele au mboga nyingine, robo samaki au kunde. Msimu wa mabibo na maembe watu hula wakitembea shambani, hakuna anayehesabu. Embe moja dogo kwa mlo linatosha, juisi iachwe. Korosho yenyewe haipandishi sukari kwa kasi, ila ina mafuta mengi, na konzi moja kwa siku inatosha. Uraka, pombe ya mabibo, ni jambo jingine kabisa. Pombe pamoja na glibenklamaidi (kidonge cha sukari) au insulini huweza kushusha sukari saa nyingi baadaye, mtu akiwa amelala, na jirani akadhani amelewa tu.

Sukari kushuka ndiyo dharura ambayo kila aliye nyumbani aijue. Mara nyingi mtu amemeza glibenklamaidi alfajiri, akaenda shamba bila kula. Anatetemeka, anatoka jasho la baridi, anakuwa mkali bila sababu. Kipimo kikisoma chini ya 4 (mmol/L), au kipimo hakipo na dalili zipo, mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari ndani ya maji, au nusu glasi ya soda yenye sukari. Subiri dakika 15, pima tena, rudia ikibidi, kisha ale chakula. Aliyezimia asimiminiwe kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mpelekeni. Wanaofunga Ramadhani waende kliniki wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, wapangiwe upya saa na dozi, au waambiwe wasifunge.

Insulini kwa nyumba isiyo na friji: chupa iliyofunguliwa hukaa kama wiki nne mahali pasipozidi nyuzi 25 mpaka 30, kutegemea maelekezo yake. Andika tarehe ya kufungua kwa kalamu. Iweke ndani ya kopo lenye mfuniko, kopo liingie kwenye mtungi uliolowekwa, mahali penye kivuli na upepo. Kipupwe mtungi unapoza vizuri. Kuanzia Novemba, hewa ya pwani ikishajaa unyevu, maji hayakauki kwa kasi na mtungi unashindwa. Miezi hiyo chupa za akiba ziombewe nafasi kwenye friji ya zahanati au ya jirani. Isiguse barafu: ikiganda hutupwa, hata kama imeyeyuka na kuonekana nzuri.

Miguu ikaguliwe kila jioni, pamoja na katikati ya vidole, na mtu mwingine kama macho hayaoni vizuri. Mguu uliokufa ganzi hausikii mwiba wala maji ya moto. Wanaobangua korosho nyumbani wavae glavu na viatu vilivyofunika, kwa sababu mafuta ya ganda yanaunguza ngozi, na kidonda cha mwenye sukari kinaweza kuchukua miezi kupona. Kikionekana, kiende zahanati siku ileile, bila kupakwa dawa ya meno wala majivu.

Miezi ya ngoma za jando na unyago ikifika, babu na bibi wanasafiri kwa wajukuu, wiki moja inageuka tatu. Mfungieni dawa za siku zote alizotaja na wiki mbili za ziada, ndani ya boksi zake, pamoja na daftari la kliniki, ili akikwama Nanyumbu au Liwale, zahanati ya huko ijue anatumia nini na kwa kiasi gani.