Dirisha la Duka Linalopigwa na Wapita Njia

Wabunifu wengi wa madirisha ya maduka, wanapoombwa kuongeza muziki, huanza na spika na orodha ya nyimbo, kisha ndipo hutafuta mahali pa kuweka kitufe cha kubonyeza. Kwa maoni yangu, wanaanzia mwisho. Muziki unaomwagwa barabarani bila kuombwa ni kelele nyingine tu miongoni mwa zile ambazo mpita njia amekwisha kujizoeza kutozisikia. Dirisha shirikishi hukaa kimya mpaka mtu alilize mwenyewe, na linapolia humwonyesha papo hapo kwamba ni yeye aliyeliliza.

Upapo hapo huo hupimika. Sauti ikichelewa milisekunde 20 au 30 baada ya mkono kugusa kioo, watu wengi hawaoni pengo lolote. Ikichelewa milisekunde 300, mtu hugusa tena na tena akidhani kifaa kimeharibika, kisha huenda zake. Ndiyo sababu siipendi kamera ambayo picha zake lazima zichambuliwe kwanza na kompyuta, hata inapovutia kwenye michoro ya mradi, na hapo bado hatujauliza picha za watu hao zinahifadhiwa wapi. Karatasi nyembamba ya shaba iliyobandikwa upande wa ndani wa kioo, ikiunganishwa na saketi inayohisi badiliko la chaji mkono unapokaribia, hujibu upesi na haijui sura ya mtu. Ni kanuni ileile aliyoitumia Leon Theremin, mwanafizikia wa Urusi, takribani mwaka 1920, kuunda ala inayopigwa bila kuguswa. Hata hivyo ina masharti yake: kioo kinene, au chenye utando wa metali wa kuzuia joto, huidhoofisha, na maji ya mvua yakitiririka juu ya kioo yanaweza kuliliza dirisha pasipo mtu yeyote, kwa hiyo saketi lazima ijirekebishe kila mara. Kuhusu spika, si lazima kutoboa ukuta, kwa kuwa vipo vitetemeshi vidogo vinavyogandishwa kwenye kioo na kukifanya chote kitoe sauti, ingawa besi yake huwa hafifu.

Lakini kazi ngumu zaidi ni kuchagua noti. Mpita njia amebeba mizigo, ana haraka, anatazamwa na wengine, na kinachomzuia kunyoosha mkono mara nyingi ni hofu ya kuonekana hajui. Skeli (ngazi ya noti) ya noti tano isiyo na nusu toni, yaani isiyo na noti mbili zilizokaribiana mno, humwondolea hofu hiyo, kwa kuwa noti zake zozote zikilia pamoja hazigombani. Carl Orff, mtunzi wa muziki wa Ujerumani, aliitegemea sana skeli hiyo katika kuwafundisha watoto muziki. Ubaya wake ni kwamba kila kitu kinapendeza na hakuna kinachokumbukwa. Dawa yake naiona katika bembea 21 ambazo studio ya usanii ya Daily tous les jours iliziweka Montreal, Kanada, mwaka 2011: kila bembea ilitoa noti zake, lakini baadhi ya melodi hazikusikika mpaka watu kadhaa wabembee kwa kuafikiana. Dirisha la duka linaweza kujengwa hivyo, mmoja akigusa apate noti yake, na wawili wasiojuana wakigusa pamoja wapate kiitikio ambacho hakuna hata mmoja wao angekitoa peke yake. Hapo ndipo watu husimama, hucheka na kumwita wa tatu, jambo ambalo bango lenye maandishi ya "Gusa hapa" haliwezi kulifanya. Mahali pa kugusa pawe pa vimo tofauti, ili mtoto na mtu aliye kwenye kiti cha magurudumu wasiachwe nje ya kundi.

Anayesahaulika katika michoro yote hii ni mfanyakazi wa dukani. Mpita njia husikia noti zile kwa nusu dakika. Mfanyakazi huzisikia tangu duka linapofunguliwa mpaka linapofungwa, na kama kioo kizima ndicho spika, nusu ya sauti huingia ndani kwake. Ningetaka mkataba wa kujenga dirisha hilo useme wazi kwamba seti za sauti zitabadilishwa mara kwa mara, kwamba maikrofoni ndogo itapima kelele za barabara na kushusha sauti barabara inapotulia, na kwamba swichi ya kuzima itakuwa karibu na kaunta, chini ya mamlaka ya mfanyakazi mwenyewe. Mwenye duka akiomba pia kila mguso uambatane na tangazo la bidhaa, ningekataa: mtu aliyedhani anapiga ala, akagundua kwamba amebonyeza tangazo, hatanyoosha mkono mara ya pili.