Nani Alikata Nyang'oma Vipande Viwili?

Jumamosi iliyopita tulimzika shangazi, na wakati wenzangu wanalia, mimi nilikuwa chini ya hema nikipima mianya kati ya maneno. Mungu anisamehe. Lakini kwa familia nyingi huku kwetu, kijitabu cha mazishi ndicho kitabu pekee kitakachowahi kuandikwa kuhusu mtu wao, na chetu kiliharibika tangu ukurasa wa pili.

Mstari mmoja wa wasifu ulikuwa na maneno mawili tu: "aliyewasomesha" kushoto kabisa, "wajukuu" kulia kabisa, na katikati pengo ambalo bodaboda ingepita na abiria wawili. Chini yake pengo jingine, na jingine, mpaka yakaungana yakawa mto mweupe unaoteremka ukurasa mzima kama Nyando msimu wa mvua. Palipokatwa neno napo, heri pasingekatwa: "wat-oto", "nyum-ba". Na kule alikoolewa: "Nyang'-" mwisho wa mstari, "oma" mwanzo wa mstari unaofuata. Binamu yangu aliyekuwa akisoma alisita hapo kama mtu aliyejikwaa.

Jumatatu nikaenda saiba, mjini Kisumu. Kijana akanionyesha: orodha ya lugha za kukatia maneno kwenye programu yake haikuwa na Kiswahili, kwa hivyo aliacha Kiingereza. "Lakini si imenyooka, mkubwa?"

Imenyooka, ndiyo. Hata maiti hunyooshwa.

Simlaumu sana. Alipewa kazi saa mbili usiku na kamati ikazitaka nakala asubuhi. Kinachonichoma ni kwamba Kiingereza ndicho kigumu kukata. "Record" likiwa nomino ni rec-ord, likiwa kitenzi ni re-cord. Frank Liang alipoandika tasnifu yake Stanford, 1983, ruwaza za kukata Kiingereza, yaani vipande vya herufi vinavyoonyesha pa kukata, katika TeX, programu ya kupanga maandishi, zilifika 4,447, na bado maneno kadhaa yaliwekwa kwenye orodha ya pembeni kwa kuwa yalikataa kutii. Kiswahili je? Kata baada ya irabu. Usitenganishe mb, nd, ny, sh, ng' na wenzao. Ile m inayosimama peke yake iachie silabi yake. Basi! Sheria zote zinaenea nyuma ya risiti ya duka. Mtoto wa darasa la pili anazipigia makofi: nya-ng'o-ma. Haya, "labda" na "maktaba" zinasumbua kidogo, nakubali. Lakini lugha inayokatika kirahisi hivi ndiyo tunayoipasua kwa kisu cha jirani.

Tena sisi ndio wenye shida zaidi. "Hatutakusahau" ni neno moja. Mwingereza analisema kwa maneno matano, kwa hivyo ana mianya minne ya kugawia nafasi iliyobaki. Sisi hatuna hata mmoja. Ukiweka safu mbili kwenye karatasi ya A5, ukazima ukataji wa maneno, halafu ukabonyeza jastifai, ile amri ya kunyoosha kingo zote mbili kwa kutanua mianya, ulitarajia nini?

Najua kuna fundi wa InDesign, programu ya kupanga kurasa, atakayenijia juu. Ni kweli, programu hiyo inaweza kupima aya nzima kabla ya kuamua mstari uvunjwe wapi, mbinu ambayo wataalamu wa kompyuta Donald Knuth na Michael Plass waliieleza mwaka 1981. Safi. Lakini hata mpimaji hodari hafiki mbali akikatazwa kukata neno, au akilazimishwa kulikata Kizungu.

Wala sisemi mashine iachiwe kila kitu. "Kumaliza" ina silabi nne safi kabisa. Hebu ikate baada ya silabi ya pili, kisha umpe mchungaji asome mbele ya waumini.

Basi nikamwomba kijana ile faili. Nikaondoa jastifai, nikaacha ukingo wa kulia uishie popote unapoishia, nikaunganisha Nyang'oma yetu. Ukurasa ukapumua. Nikautuma kwenye kikundi cha familia, kwa ajili ya wale ambao hawakupata nakala. Baba mdogo akajibu baada ya dakika mbili:

"Kazi nzuri. Lakini mbona upande wa kulia haujanyooka?"