Kiungo kinachoongeza mwanga

Kwenye baraza za Unguja hoja hurudi ile ile: kijana akasomee fotoniki ya juu, yaani elimu ya kuzalisha na kuongoza mwanga, chuo kikuu ya nini, na visiwa havitengenezi leza wala nyuzi za kioo? Mkongo ukikatika anatafutwa fundi mwenye mashine ya kuungia, na huyo hufunzwa kwa miezi tu.

Hoja ina uzito. Vifaa vya maabara ni ghali, na mhitimu anayejua milinganyo ya Maxwell, hesabu za umeme na mwanga, lakini akachomeka konekta, kichwa cha kuunganishia uzi, bila kuifuta ni hasara tupu. Kiini cha faiba, uzi huo wa kioo unaopitisha mwanga, ni mikromita 9 hivi. Punje ya vumbi yatosha kukiziba.

Ila itazame siku ya kupima. Tuseme faiba mpya imeungwa na ya zamani, na OTDR, kifaa cha kupimia faiba kutoka ncha moja, iliyoko Chake Chake inaonesha kiungo kimeongeza mwanga desibeli 0.20 (desibeli ni kipimo cha kupanda au kushuka kwa nguvu). Kiungo hakina betri wala leza, kitaongezaje? OTDR haipimi mwanga unaofika mbele, hupima unaorudi nyuma, na faiba ya pili inarudisha mwingi kuliko ya kwanza. Pima sasa kutoka Wete, ncha ya pili: kosa linageuka, na kiungo kile kile kinaonesha hasara ya 0.30. Toa 0.20, gawa kwa mbili, unapata 0.05: hasara ya kweli, na ni kiungo kizuri. Aliyepima kutoka Wete peke yake atakikata akiunge upya, mara mbili, mara tatu, na kosa halioni.

Faiba iliyokunjwa mno ndani ya boksi nayo ina hila zake. Kwa mwanga wenye urefu wa wimbi wa nanomita 1310 huonekana nzima, kwa 1550 inavuja, kwani wimbi refu hutanuka zaidi nje ya kiini. Hasara ikikaribiana kwa yote mawili, shuku konekta au kiungo.

Tena kuna mkondo wa Pemba, kilomita 50 hivi. Kwa desibeli 0.2 kila kilomita hupotea 10. Inabaki sehemu moja ya kumi ya mwanga, na yatosha. Lakini kwa 1550 mwanga wenye upana wa mawimbi wa nanomita 0.1 husambaa pikosekunde 85 (sehemu za trilioni za sekunde) njiani, kwani mawimbi yake hayaendi kwa kasi moja, na kwa gigabiti 10 kwa sekunde biti moja ina pikosekunde 100 tu. Mita ya nguvu ya mwanga itasema shwari, huku biti zinapandana. Hilo mafunzo ya miezi hayaligusi.

Wanaopinga wasikilizwe kwa hili moja: mwaka wa kwanza uanze na kitambaa kisichotoa nyuzi na hadubini ya konekta, Maxwell afuate.