Akipotea, tazama aliyemfundisha njia

Hapa Mtwara mtu mzima mwenye ulemavu wa akili akitumwa sokoni akapotea, mtaa una jibu lake: "Si ndivyo alivyo." Hatumwi tena. Mimi lawama naipeleka kwa waliomfundisha njia. Miaka yote ameshikwa mkono, na anayeshikwa mkono hatazami kona, anamtazama anayemshika.

Kukumbuka mahali kuna namna mbili. Unaweza kujua njia kwa mfuatano wa alama, au ukawa na picha ya mji mzima kichwani hata ukakatiza vichochoro. Hii ya pili, inayotegemea sana sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi, ndiyo ngumu kwa wengi wenye ulemavu wa akili, wakiwemo wenye sindromu ya Down, hali ambayo mtu huzaliwa nayo. Ya kwanza wengi huimudu, ila kwa kurudiarudia. Basi ramani weka kando, na "kata kushoto" pia.

Pita kwanza peke yako uhesabu kona. Tuseme kutoka Magomeni hadi soko kuu ziwe tano: tafuta alama tano tu, kila moja penye kona yenyewe. Alama isihame. Hapo ndipo wengi huharibu: huchagua meza ya muuza samaki, kijiwe cha bodaboda, au magunia ya korosho ambayo msimu ukiisha hayapo. Msikiti unafaa, mnara wa simu unafaa. Mbuyu nao, lakini ukimwonyesha kiangazi ukiwa mtupu, mwonyeshe tena mvua zikija na majani yake, asije akaudhani mti mwingine.

Anzia mwisho. Mfikishe kona ya tano, amalizie mwenyewe; akiweza mara tatu mfululizo, mwachie kuanzia ya nne. Mzuie kabla hajakosea, kwa sababu kosa nalo hukaa kichwani na kesho linashindana na njia sahihi. Wewe kaa nyuma hatua mbili, baadaye kumi, baadaye ng'ambo ya barabara. Kuvuka magari ni somo lake peke yake.

Kurudi nyumbani ni njia mpya kabisa: msikiti anauona kwa upande mwingine, kona zimegeuka. Wanaofundisha kwenda tu ndio wanaoshangaa mtu kufika sokoni salama akapotea akirudi. Na siku turubai la harusi likifunga mtaa, asijaribu kuzunguka. Arudi kwenye alama iliyopita, asimame hapo, mfukoni ana namba ya simu ya nyumbani kwenye kikaratasi kilichofungwa nailoni. Jasho la huku linafuta wino.