Mashine ya kujazia bobini za lesi: itengeneze mwenyewe, usiifunge mota

Wanaosuka lesi kwa bobini, yaani vijiti vyembamba vinavyobeba uzi shingoni, hupenda kuzungumzia mto, pini na violezo. Kujaza uzi hawakutaji sana, na hapo ndipo kazi nyingi nzuri huharibikia. Uzi uliojazwa legelege huzama chini ya tabaka nyingine na kunasa, kisha hukatika ukijaribu kuuachia katikati ya ua. Ndiyo maana nasema mashine ya kujazia ni kifaa cha lazima, na iliyo bora ni ile unayoitengeneza nyumbani ukaizungusha kwa mkono.

Tupige hesabu. Shingo ya bobini yenye unene wa milimita 4 hula uzi wa milimita 12 na ushei kwa mzunguko mmoja, kwa hiyo mita 2 ni mizunguko kama 160. Bobini huenda kwa jozi, kila moja kwenye ncha yake ya uzi uleule. Utepe mwembamba wa jozi 20 utakudai mizunguko zaidi ya 6,000. Kwa vidole vitupu, kiganja kitakuwa kimechoka kabla hujachomeka pini ya kwanza.

Wasusi wa lesi wa Bedfordshire na Buckinghamshire, Uingereza, walikuwa na mashine za mbao: gurudumu kubwa, kamba, na kapi dogo linalozungusha bobini. Sioni sababu ya kuuacha mpango huo. Gurudumu la plaiwudi la sentimita 15 likiunganishwa na kapi la sentimita 3, kila ukizungusha mpini mara moja bobini huzunguka mara 5, na zile mita 2 zinaisha kwa mizunguko kama 32. Inatosha kabisa. Uzi wa lesi ni mwembamba mno. Ukikwama, mkono huhisi mvuto na kusimama. Mota haihisi kitu. Itaukata, au itaudhoofisha bila wewe kujua, nao utakukatikia baadaye ukiwa umeshasuka nusu ya kazi.

Mkanda nautoa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli: ukate mwembamba, uunge kwa solusheni ileile ya kuzibia pancha. Ekseli ipite kwenye kipande cha mninga kilichopakwa nta.

Penye ufundi wenyewe ni kishikio. Bobini za Honiton, kule Devon, ni laini na zina mkia uliochongoka, hivyo kipande cha hosi ya mpira kinazishika vizuri. Zile za Bedfordshire zina shanga mkiani, na shanga hizo zikiachwa huru hupigapiga na kuyumbisha kila kitu. Hizo zichongee mfereji ambamo kijiti kitalala chote, ukibane kwa mpira. (Wachongaji wengine wa Uingereza hutengeneza bobini kwa mpingo, mti wetu huu. Uzito wake huuweka uzi katika mvuto mzuri.)

Halafu kuna rili, ambayo wengi huiweka chini imesimama na kuvuta uzi kwa juu. Mimi siafiki. Uzi ukitoka kwa juu, kila mzunguko unaongeza au kupunguza msokoto mmoja, na uzi wa kitani uliopoteza msokoto wake huchambuka. Ilaze rili kwenye spoki ya baiskeli iliyopigiliwa ubaoni, ibiringike yenyewe uzi unapovutwa.

Ukimaliza bobini ya kwanza, vuta uzi wa kutosha wa pili yake ndipo ukate, kisha anzia ncha hiyo. Iliyojaa ilaze karibu na mashine isije ikaning'inia na kujifungua. Bobini zote zijazwe kwa upande mmoja, ili kitanzi cha kuzuia uzi kifungwe vilevile kwenye kila moja. Mshale uliochorwa kwa kalamu ya wino kwenye gurudumu utakukumbusha ni upande gani.