Hori, Mtende na Kisu

Krismasi iliyopita nilikuwa nyumbani Ujiji. Nilikaa barazani na Biblia ya mama na tafsiri ya Kurani ya bibi mzaa baba, vitabu ambavyo kwetu vimelala kabati moja tangu nipate akili. Nilitaka kusoma kuzaliwa kwa Yesu mwanzo mpaka mwisho, bila mtu wa kunifafanulia.

Nilianza kushtushwa na Biblia yenyewe. Mamajusi, nyota na Herode wako kwa Mathayo. Hori na wachungaji wako kwa Luka. Marko na Yohana hawasimulii kabisa. Tarehe 25 Desemba haimo popote. Kumbukumbu ya kwanza ya sikukuu siku hiyo inatoka Roma, mwaka 336. Kisha nikafungua Sura ya 19, Maryam. Hapo hakuna hori wala Yusufu. Mwanamke yuko peke yake, uchungu umemsukuma hadi kwenye shina la mtende, anatamani angekufa kabla ya hayo. Anaambiwa alitikise shina, tende mbivu zimwangukie, ale, anywe. Nilizirudia aya hizo mara tatu. Luka anapita kwenye kujifungua kwa maneno machache. Hapa mzazi anasikika akiumia.

Wapo wasemao hadithi ni moja, tofauti ni jina tu, Yesu au Isa. Nawaelewa, kwani mtaani kwetu kauli hiyo imezima maneno mengi. Lakini si kweli, na heshima haijengwi kwa kufichana. Kwa mama, mtoto yule ni Mungu aliyetwaa mwili. Kwa bibi ni mtume, na Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa. Kauli hizo haziwezi kuwa kweli zote mbili, na wenyewe wanalijua hilo.

Wengine wanaona hapo ndipo penye mzizi wa ugomvi: imani zikipingana, watu nao watapigana. Bethlehemu inanifanya nisite. Kanisa la Kuzaliwa liko mikononi mwa Waorthodoksi wa Kigiriki, Waarmenia na Wakatoliki, ambao wote wanakiri kuwa aliyezaliwa pale ni Mwana wa Mungu. Mwaka 1847 nyota ya fedha iliyowekwa mahali pa kuzaliwa iliibwa, na mvutano juu ya haki za pale ukawa miongoni mwa chokochoko za Vita vya Crimea vilivyoanza 1853. Desemba 2011 watawa walipigana kwa mifagio, polisi wakaingia. Kisa: nani afagie wapi.

Kwetu mfagio huo ni kisu. Mama akinunua mbuzi wa Krismasi, humwita baba mdogo, Muislamu, aje kuchinja. Vijana wa kanisani waliwahi kumuuliza kwa nini Mkristo asichinje kwenye sikukuu yake mwenyewe. Swali lina haki yake. Ndilo hilo lililofika hadi kumwaga damu Buseresere, Geita, Februari 2013. Mama aliwajibu kwamba akichinja mwingine, mkwewe hatakula, na yeye hawezi kumpakulia mama mzee wali mtupu siku ya Krismasi.

Mdogo wangu alijifungua usiku wa mkesha. Asubuhi bibi alikuja na tende kwenye bakuli, akamlisha moja moja. Mama alikuwa upande wa pili wa kitanda, rozari mkononi, akimshikia kikombe cha maji.