Mashoto, Mfupi, na Besi Lenye Usingizi

Mimi nilizaliwa na mashoto, na marehemu bibi yangu alifanya kila aliloweza kuyaondoa, ikiwemo kunigonga kwa mwiko kila nilipopeleka mkono wa kushoto kwenye sinia la wali. Mkono wa kula alifanikiwa kuubadilisha. Mkono wa muziki hakuwahi kuujua, kwa sababu nilianza kujifunza gitaa la besi nikiwa na miaka 43, baada ya mpiga besi wa kwaya yetu kuhamia Dodoma, na leo nikikumbuka mahangaiko niliyopata naona kama bibi ananicheka huko aliko.

Ninachotaka si kikubwa: besi la mashoto, lililo fupi, lisiloinama kichwa, yaani ile ncha ya shingo yenye funguo za nyuzi. Sharti moja kati ya hayo utalipata. Mawili utayapata kwa kufunga na kuomba. Lakini ukiyataja yote matatu kwa pamoja katika duka la Kariakoo, muuzaji atakutazama kama mtu aliyeulizia maziwa ya kuku. Kijana mmoja alinihurumia, akaniambia, “Mzee, mbona rahisi, ligeuze tu, hata yule gwiji wa gitaa Jimi Hendrix aligeuza.” Ni kweli aligeuza, lakini yeye alikuwa Hendrix. Mimi nikiligeuza, uzi mnene unakwenda chini, na nikihamisha nyuzi hazikai sawa, kwa kuwa ile mifereji ya shingoni imechongwa kwa unene wa kila uzi mahali pake. Halafu vitufe vya sauti vinahamia juu, chini ya kiwiko changu, kiasi kwamba katikati ya pambio besi hunyamaza lenyewe na kila mtu hunigeukia.

Kuhusu ufupi, naomba nisichekwe. Besi la kawaida lina uzi wa inchi 34 kutoka mwanzo wa shingo, karibu na kichwa, hadi kwenye daraja, pale nyuzi zinapoegemea mwilini, na lile fupi lina inchi 30. Mtu mwenye vidole virefu atasema inchi nne ni nini. Kwenye lile refu, freti nne za kwanza, vile vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo, zinachukua karibu sentimita 18, na kwenye fupi hazifiki 16, na hizo sentimita mbili ndizo zinazoamua kama nitalala salama au nitaamka usiku kumwomba mama Neema anikande kifundo cha mkono kwa maji ya moto. Paul McCartney, mpiga besi wa bendi ya Beatles, ambaye naye ni mwenzetu wa mashoto, alinunua besi fupi la kampuni ya Höfner mjini Hamburg, Ujerumani, mwaka 1961, lenye umbo la fidla, akalipenda kwa kuwa pande zake mbili zinalingana na hata likishikwa kwa kushoto halionekani kichekesho. Heri yake aliyekuwa Hamburg. Mimi niko Mbagala.

Hatimaye mpwa wangu aliyeko Manchester akapata moja lililotumika, la mashoto, fupi, jekundu, lenye pembe mbili fupi, akalileta alipokuja likizo. Nililikumbatia pale uwanja wa ndege kabla ya kumkumbatia yeye. Nilipofika nyumbani nikalivaa begani, nikaliachia, na kichwa chake kikaenda sakafuni taratibu, kama mzee anayesinzia kwenye mahubiri. Kumbe mabesi mafupi mengi yana ugonjwa huo: mwili ni mdogo na mwepesi, zile funguo za kukazia nyuzi ni chuma kitupu, na kishikizo cha mkanda, ambacho kingefaa kifike usawa wa freti ya 12, kimekomea karibu na tumbo. Matokeo yake mkono wangu wa kulia, ulioajiriwa kubana nyuzi, unafanya pia kazi ya nguzo.

Jumapili ya kwanza kichwa kilimgonga mama mmoja wa sauti ya pili, ambaye husimama kuliani kwangu. Hakukasirika. Alisema tu, “Baba Neema, hilo gitaa lako lina usingizi.” Nikanunua mkanda mpana wa ngozi yenye vinyweleo upande wa ndani, nilioshauriwa kuwa unang'ang'ania nguo ili gitaa lisiteleze. Uling'ang'ania kweli. Sasa gitaa lilikuwa linainama pamoja na shati, na kufikia wakati wa sadaka kola yangu ilikuwa imefika sikioni.

Fundi seremala mmoja wa Keko aliahidi kunichongea mwili mpya wa mninga, akisema hata mchwa hautaligusa. Nililipima lile gogo kwa mikono miwili nikaona kwamba besi litatulia, ila nitakayeinama ni mimi. Ndipo nilipokwenda Feri, nikanunua machubwi matatu ya risasi wanayofungia mishipi, nikayabandika kwa gundi upande wa chini wa besi, mbali na shingo, nikayafunika kwa kitambaa chekundu. Niliachia mikono yote miwili. Halikutikisika. Nilimwita mke wangu aje aone, akaona, akarudi jikoni.

Jumapili iliyofuata nilipiga ubeti wa kwanza na wa pili bila maumivu yoyote. Katika ubeti wa tatu, joto la Desemba likalegeza gundi, chubwi moja likadondoka, likaviringika juu ya vigae, likapita mbele ya kwaya nzima na kusimama kwenye kiatu cha mchungaji. Aliliokota, akalipima kiganjani, akalitia mfukoni. Baada ya ibada alinishika mkono mlangoni akaniuliza kama siku hizi ninavua.